Motokaa ya Umeme ya Bei Nafuu: Je, Itapanda Newala?

Kwa muda wa miaka kadha sasa liko neno lisemwalo kila penye watu: sokoni Newala, penye mizani ya korosho, na chini ya mwembe baada ya Misa ya Jumapili. Neno hilo ni motokaa ya umeme. Yasemwa kwamba yaja motokaa isiyokunywa petroli wala kutoa moshi, na tena bei yake itakuwa ndogo hata mkulima wa korosho aweze kuinunua. Vijana wamekwisha kuziona picha zake katika simu zao. Wazee nao huuliza swali moja tu: “Ikizimika njiani, ataivuta nani?”

Wengine hulicheka swali hilo. Mimi silicheki. Fedha za nyumba nyingi zaweza kuingia katika jambo hili, na fedha ya korosho ikiisha kuingia mahali pabaya, kuitoa ni kazi ya miaka. Kwa hiyo yafaa tuitazame habari hii polepole, wewe na mimi, kabla wauzaji hawajafika.

AHADI ZA ZAMANI

Kwanza ujue ya kuwa motokaa ya umeme si kitu cha jana. Huko Marekani, kadiri ya mwaka 1900, motokaa nyingi zilikwenda kwa betri, na watu wa mjini walizipenda kwa kuwa za petroli zilitaka kuzungushwa kwa mkono wa chuma ndipo ziwake, na mkono huo uliweza kumvunja mtu kifundo. Baadaye, mwaka 1908, Henry Ford akatoa Model T yake kwa dola 850, na mwaka 1912 ikapatikana motokaa ya petroli inayojiwasha yenyewe. Ikawa basi. Ya umeme ilishindwa kwa sababu mwenzake alikuwa rahisi zaidi, na petroli ilipatikana kila mahali. Sababu hizo mbili, bei na kupatikana kwa chakula chake, bado ndizo zinazoamua hata leo.

Kisha kuna habari ya Wajerumani, ambayo naona kila mtu anayeombwa kutoa arubuni angepaswa kuijua. Mwaka 1938 serikali ya Hitler iliwaahidi wafanyakazi wake “motokaa ya watu” kwa bei ya mark 990. Mtu alilipa mark 5 kila juma, akapewa stempu, akaibandika katika kitabu chake, na kitabu kikijaa ndipo apewe motokaa. Watu 336,000 hivi waliweka akiba namna hiyo. Mwaka 1939 vita vikaanza, kiwanda kikageuzwa kutengeneza magari ya askari, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyepata motokaa yake. Walishtaki mahakamani miaka mingi, na mwaka 1961 wakakubali kupewa punguzo la bei au fedha kidogo tu. Ajabu ni kwamba motokaa yenyewe ilikuwa nzuri. Ndiyo ile Volkswagen yenye mgongo wa mviringo kama kobe, ambayo wazee wetu waliiona ikiendeshwa na mapadre na maofisa, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani. Kitu kilikuwa cha kweli, lakini waliotangulia kulipa hawakukipata.

Sasa njoo karibu na siku zetu. Tarehe 31 Machi 2016 kampuni ya Tesla ya Marekani ilionyesha motokaa ya umeme iitwayo Model 3, ikaahidi kuiuza kwa dola 35,000, kwamba ndiyo motokaa ya umeme ya watu wa kawaida. Wako waliopanga foleni nje ya maduka kabla hata ya kuiona, na kila mmoja akatoa arubuni ya dola 1,000. Katika juma moja waliojiandikisha walipita 300,000. Motokaa za kwanza zikatoka Julai 2017, lakini zilikuwa za bei ya juu. Ile ya dola 35,000 haikuuzwa mpaka mwaka 2019, nayo haikukaa sana sokoni.

Uhindi nako kampuni ya Tata ilionyesha mwaka 2008 motokaa ndogo ya petroli, Nano, kwa bei ya rupia laki moja. Magazeti ya dunia yakaisifu kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Sifa hiyo ikasaidia kuiua! Maana mtu akiisha kujinyima apate kununua motokaa, hapendi jirani zake waseme amenunua ile rahisi kuliko zote. Baada ya miaka 10 hivi utengenezaji wake ukakoma. Nawe, msomaji, usiseme ya kuwa sisi hatuna kiburi cha namna hiyo. Tumeona pikipiki ngapi zilizonunuliwa kwa ajili ya rangi?

Lakini siyo kila ahadi ilivunjika. Mwaka 2020 Wachina walitoa motokaa ndogo sana ya umeme, Wuling Hongguang Mini, kwa yuan 28,800, yaani zaidi kidogo ya dola 4,000. Ina milango miwili, watu wanne hukaa kwa kubanana, na ile ya kwanza ilikwenda kilometa 120 kwa chaji moja. Hiyo ilitoka kweli, ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Na huko Norway, ambako serikali iliziondolea kodi kwa miaka mingi, karibu motokaa 9 katika kila 10 mpya zilizouzwa mwaka 2024 zilikuwa za umeme. Basi anayesema kwamba jambo lenyewe ni ndoto amekosea. Lipo. Swali ni kama lipo kwa ajili yetu.

KATIKA NCHI ZETU

Hapa Afrika Mashariki nako watu hawakulala. Waganda wa Chuo Kikuu cha Makerere walitengeneza motokaa yao, Kiira EV, mwaka 2011, na mwaka 2016 wakaonyesha basi lililofunikwa mitambo ya jua juu ya paa. Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kuchukua abiria mwaka 2022. Rwanda wameanzia na pikipiki: dereva haingojei betri ijae, bali afika kituoni, aitoa iliyokwisha, apewa iliyojaa, alipa, aenda zake. Ethiopia wamefanya la nguvu kuliko wote, maana mwaka 2024 walikataza kabisa kuingizwa kwa motokaa za petroli na dizeli. Wana umeme mwingi wa maji, na fedha za kigeni za kununulia mafuta ni chache. Hesabu yao yaeleweka, ingawa mtu aliye mbali na Addis Ababa ana haki ya kuuliza atachajia wapi.

Kwetu Tanzania, Machi 2022, mchoraji wa katuni ajulikanaye na wote, Bwana Masoud Kipanya, alionyesha Dar es Salaam motokaa ndogo ya umeme iliyotengenezwa hapa nchini, yenye sehemu ya kubebea mizigo nyuma. Siku zile simu zote zilijaa picha zake. Wengine walifurahi mpaka wakaanza kuuliza bei. Wengine waliicheka, kana kwamba mtoto wa nyumbani hawezi kuunda kitu kinachotembea. Mimi naona wote wawili walikwenda mbio. Kuunda motokaa moja ni kazi ya akili na mikono, na yastahili heshima. Kuunda elfu kumi zinazofanana, zenye vipuri katika kila mji, ni kazi nyingine kabisa, nayo yataka fedha nyingi, viwanda na miaka.

Hata Vatikano jambo limefika. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Mercedes-Benz ilimkabidhi Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, motokaa nyeupe ya umeme ya kupitia katikati ya waamini. Yeye ndiye aliyetuandikia waraka Laudato Si’ mwaka 2015 juu ya kuitunza dunia, nyumba yetu sote, basi lilikuwa jambo la kufaa. Motokaa ya namna hiyo hupita uwanjani polepole na kurudi mahali pake penye umeme wa kutosha. Sisi tunatoka uwandani, twateremka mpaka Masasi na kupanda tena, na barabara ina mchanga.

FEDHA INAYOKUJA MARA MOJA KWA MWAKA

Sasa nifike penye jambo lenyewe. Sisi tunaoandika vitabu vya parokia twaona kitu ambacho mtu wa mjini hakioni. Mwezi wa Novemba na wa Desemba, korosho zikiisha kulipwa, kurasa za zaka na za michango hujaa, na harusi hupangiwa foleni. Mwezi wa Februari na wa Machi ukurasa ni mweupe. Ni watu wale wale, imani yao ni ile ile. Kilichobadilika ni mfuko. Fedha yetu yaja mara moja kwa mwaka.

Motokaa ya petroli, na pikipiki yake, ina desturi tofauti. Ukinunua kuukuu iliyotoka Japani, bei yake ya kwanza si kubwa sana, lakini itakudai kila siku. Leo lita mbili, kesho oili, mwezi ujao plagi. Ndiyo maana ukipita vijijini mwezi wa Machi wazikuta pikipiki zimelala ukutani zimefunikwa turubai. Hazikuharibika. Zina kiu.

Motokaa ya umeme imegeuza mambo juu chini. Yenyewe hutaka fedha nyingi siku ya kwanza, kisha hula kidogo kidogo. Tufanye hesabu. Motokaa ndogo ya petroli hula kama lita 8 kwa kilometa 100; kwa bei ya kadiri ya shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni shilingi 24,000. Ya umeme iliyo ndogo hula kama uniti 15 kwa mwendo huo huo. Bei ya umeme kwa mtumiaji wa kawaida, iliyopangwa mwaka 2016, ni shilingi 292 kwa uniti, na ukiweka kodi na makato inafika kama 356. Jumla shilingi 5,340. Ni chini ya robo! Pikipiki nayo: ya petroli kama lita 2 na nusu, shilingi 7,500, ya umeme kama uniti 4, shilingi 1,424.

Ukiyatazama hayo waona jambo ambalo wauzaji wenyewe hawalisemi, kwa kuwa hawatujui. Chombo kinacholipwa mara moja wakati fedha ipo, kisha kikaendelea kutembea kwa senti wakati fedha haipo, kingemfaa mkulima wa korosho kuliko mfanyakazi wa mshahara! Mwezi wa Machi ungeweza kumpeleka mama mja mzito hospitali bila kubisha hodi kwa jirani kukopa lita tatu.

Hilo ndilo jema lake, nami sitaki kulificha. Sasa tazama upande wa pili.

Ile motokaa ya Wachina ya dola 4,000 ni kadiri ya shilingi milioni 10 ikiwa bado huko kwao, kabla ya meli, bandari na ushuru. Korosho kilo moja tuseme shilingi 3,000. (Mwaka 2018 Serikali ilinunua kwa 3,300, Oktoba 2024 katika minada ya kwanza bei ilipita 4,000, lakini wote twajua kwamba bei ya korosho hupanda na kushuka.) Basi milioni 10 ni kilo 3,333. Mwenye kuvuna kilo 600 anahitaji misimu mitano na nusu, na katika misimu hiyo asile, asisomeshe watoto, asinunue salfa. Kwa wengi wetu neno “bei nafuu” hapo limekwisha maana.

SOKETI NA BWAWA

Wako wasemao: “Umeme sasa ni mwingi, bwawa la Rufiji limekwisha.” Ni kweli. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye nguvu ya megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na kazi ikamalizika 2025. Treni ya umeme yachukua watu kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma tangu mwaka 2024. Kama umeme waweza kuvuta treni, hauwezi kuvuta Wuling?

Waweza. Lakini bwawa ni kitu kimoja, na soketi iliyo ukutani mwako ni kitu kingine. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo ya gesi iliyopo Mtwara, na mitambo ikiugua sote tulikaa gizani. Twajua pia ya kuwa maji yetu ya uwandani hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema, na umeme ukiyumba, ndoo hukauka. Mtu aliyekaa siku tatu bila maji kwa ajili ya umeme, usimlaumu akiwa na mashaka juu ya motokaa ya umeme.

Mpango wa umeme vijijini, REA, umefikisha nguzo karibu kila kijiji, na kuunganishiwa kwa shilingi 27,000 kumewapa wengi taa. Ila umeme huo uliingizwa kwa ajili ya taa, redio na simu. Soketi ya kawaida hutoa kama uniti 2 kwa saa. Betri ya uniti 30 itakaa hapo saa 15. Nyaya nyembamba zilizofungwa na fundi wa haraka zitapata moto usiku kucha, na moto wa nyaya chini ya paa la makuti si wa kuuchezea. Tena nyumba ndogo inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 tu kwa uniti, kabla ya kodi. Motokaa moja, ikienda kilometa 500 kwa mwezi, imezila uniti hizo 75 peke yake! Taa na redio zote zitalipiwa kwa bei ya juu, shilingi 350 kabla ya kodi. Hilo mama wa nyumba ataliona katika LUKU kabla ya baba.

Na mlima je? Kupanda uwanda kutoka Masasi kunakula betri kuliko kwenda tambarare, na mchanga hula zaidi. Lakini hapa kuna jambo la kupendeza. Motokaa ya umeme ikiteremka, mota yake hugeuka kuwa jenereta, ikairudishia betri sehemu ya nguvu iliyotumika kupanda. Petroli uliyoichoma kupanda mlima hairudi kamwe. Newala mpaka Masasi ni kilometa zipatazo 70. Motokaa inayosemwa kwenda 120 itafika, lakini kurudi siku hiyo hiyo bila kuchaji haiwezi. Barabara ya lami ya Mnivata, Newala na Masasi, kilometa 160, ndiyo itakayosaidia kuliko betri yoyote, ya petroli na ya umeme sawasawa.

BETRI

Wazee walipouliza ataivuta nani, bila kujua waligusa moyo wa jambo. Sehemu kubwa ya bei ya motokaa hizi ni betri, nayo huzeeka hata ikitunzwa. Viwanda vingi huidhamini betri mpya kwa miaka 8 au kilometa 160,000. Dhamana hiyo humfaa aliyenunua mpya kwa wakala; aliyenunua kuukuu kutoka mbali haimsaidii.

Nasema hivyo kwa kuwa zitakazotufikia kwanza kwa bei ndogo ni kuukuu. Nissan Leaf ilianza kuuzwa mwaka 2010, na Japani ziko nyingi zilizochoka. Za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24 tu, isiyo na maji ya kuipoza, na joto huizeesha upesi. Ukiletewa moja, usitazame rangi wala redio. Tazama kioo cha mbele ya dereva, pembeni mwa kipimo cha chaji: vipo vijumba 12 vidogo vinavyoonyesha uzima wa betri. Vikiwa 12, betri ni nzima au karibu. Vikiwa 8, imepoteza zaidi ya theluthi ya nguvu yake, na hiyo motokaa itakuwa ya kuzunguka mjini tu. Mtu atakayekuuzia hapendi uvihesabu.

Kuna faida moja kwa fundi: mota ya umeme haina plagi, haina oili ya injini, haina klachi. Vya kuharibika ni vichache. Lakini betri ya motokaa ina nguvu ya volti mia tatu, mia nne, nayo yaweza kuua mara moja. Fundi wetu aliyezoea kufungua pikipiki chini ya mkorosho, ambaye twamshukuru kwa mengi, asiiguse mpaka afundishwe. Mpaka vyuo vya ufundi vya mikoa yetu vitoe vijana wenye ujuzi huo, motokaa ikifa Newala itapelekwa Dar es Salaam juu ya lori, na lori hilo litakunywa dizeli.

Jambo moja zaidi juu ya betri, nalo latuhusu kuliko twavyodhani. Ndani yake mna madini ya kinywe, makumi ya kilo katika kila motokaa. Kinywe kiko Ruangwa, jirani zetu wa Lindi. Kiko Mahenge. Ng’ambo ya Ruvuma, ambako wengi wenu mna ndugu, kuna mgodi mkubwa wa kinywe huko Balama. Nikeli iko Kabanga, wilaya ya Ngara. Kobalti ya betri za aina nyingine hutoka zaidi Kongo, upande wa Kolwezi, ambako imejulikana sana ya kuwa watoto wamefanya kazi katika mashimo. Betri za bei nafuu za sasa nyingi hazina kobalti wala nikeli, na hilo ni jema, lakini kinywe zinacho. Nasi tunakumbuka maneno ya gesi ya mwaka 2013, na jinsi watu wa Mtwara walivyouliza kitakachobaki kwao. Mtu akileta habari za motokaa ya umeme inayoitunza dunia, si ukosefu wa adabu kumwuliza waliochimbwa ardhi yao walilipwa nini.

KITAKACHOFIKA KWANZA

Nikitazama hayo yote, sidhani motokaa ndiyo itakayofika kwanza milangoni petu. Itakuwa pikipiki na bajaji. Betri yake ni ndogo, hujaa usiku mmoja kwa soketi ya kawaida, mtu mwenye nguvu aweza kuibeba ya pikipiki mkononi kama ndoo, na Dar es Salaam zimekwisha kuonekana barabarani. Basi mashaka yetu na tamaa yetu tuyaelekeze huko.

Na hapa nina hofu moja. Twajua jinsi vijana wanavyopata pikipiki za petroli sasa. Mwenye fedha humpa kijana pikipiki kwa mkataba. Kijana hupeleka hesabu kila siku mpaka amalize, ndipo iwe yake. Akikosa siku kadhaa, hunyang’anywa, na yote aliyolipa yamekwenda. Wengine hukimbilia mikopo ile iitwayo kausha damu. Februari ikifika, marejesho yanadaiwa na abiria hawana fedha, baba wa kijana huuza korosho zake kabla ya msimu, kwa kangomba, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika mavuno si yake tena. Nimewaona watu wazima wakilia juu ya jambo hilo.

Pikipiki ya umeme yaweza kuuondoa mzigo huu au kuuongeza. Ikiuzwa kwa mkataba ule ule, kwa bei kubwa kuliko ya petroli, kangomba itashamiri. Lakini ikilipwa msimu wa korosho, malipo makubwa Novemba na Desemba, na miezi ya njaa kijana alipe umeme wake tu, hapo imetufaa. Hesabu ni ile ile. Kilichobadilika ni siku ya kulipa. Hilo lingeweza kusemwa wazi na vyama vyetu vya msingi vya ushirika, ambavyo vinajua kila mkulima anapeleka kilo ngapi ghalani. Chama kimoja kikinunua bajaji moja ya umeme, wanachama wakaijaribu mwaka mzima, masika na kiangazi, penye mchanga na penye mlima, tutajua zaidi kuliko kusoma makala kumi kama hii. Mimi ningependa chombo cha kwanza cha umeme kijijini kiwe cha watu mia, kisiwe cha mtu mmoja aliyeuza nusu ya shamba.

Kwa hiyo, msomaji, akija mtu kwako na karatasi za picha nzuri, mkaribishe, maana ugeni si kosa. Mwite na mkeo akae, kwa kuwa yeye ndiye anayejua LUKU inaishaje. Mwulize: kilometa ngapi, ikiwa na watu wawili na gunia moja, kwenye mchanga? Fundi wenu wa karibu yuko wapi? Betri ikifa, mwaitwaa ninyi, au nitaitupa shambani kwangu? Arubuni usitoe kwa kitu usichokipanda mwenyewe ukakiendesha mpaka Kitangari na kurudi. Kisha mwulize bei ya betri mpya, leo hii, kwa maandishi yenye sahihi. Akisema bei ya betri itajulikana baadaye, mpe maji ya kunywa, ingawa maji kwetu ni taabu, mshukuru kwa safari, umwache aende zake Masasi.